Kiraka cha Mama Mkwe

Siku nne kabla mama mkwe hajatua, nilinunua kopo la rangi nyeusi nzito ya kupaka chini ya gari, nikajilaza chali kwenye maegesho ya nyumba yetu ya kupanga pale Hopkins, nikapaka. Sikukwangua kitu. Palipokuwa na kutu nilipaka, palipokuwa na tundu nilibandika utepe kwanza, kisha nikapaka mara tatu. Nilipomaliza nilisimama mbali kidogo, nikalitazama, nikajipongeza. Funika kombe mwanaharamu apite, wahenga walisema, na Mungu anisamehe, kwa sababu mwanaharamu wa safari hii alikuwa mama mzazi wa mke wangu.

Lilikuwa gari dogo la Kijapani, lina miaka kumi na minne, nililonunua kwa Mtanzania mwenzangu aliyekuwa anarudi nyumbani. Injini yake ilikuwa nzima. Haikuwahi kuniangusha hata asubuhi zile ambazo ukivuta pumzi unasikia pua inaganda. Ubovu ulikuwa kwenye bodi. Huku Minnesota theluji ikianza wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na chumvi ile inarukia chini ya gari, inakaa humo na kula bati miezi mitano mfululizo. Nilikuwa na miaka saba nchini na digrii mbili, nakaa ofisini Eagan kutwa nzima kuhesabu mizigo ya maghala kwenye kompyuta, na bado niliamini kuwa kutu ni tatizo la rangi.

Sababu ya kuficha ilikuwa aibu. Mimi na mke wangu tulioana hukuhuku. Posa ilipelekwa Tanga na baba zangu wadogo, na mama mkwe nilikuwa nimemsikia kwenye simu tu, kwa zile kadi za kukwangua namba ambazo zilikatika kila mara mlipofika kwenye jambo la maana. Sasa mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, ya miezi minane, na mama alikuwa anakuja kukaa naye miezi sita. Mimi ni mtu wa Tabora. Bibi yangu alinisimulia kwamba zamani mwanamume akimwona mama mkwe wake njiani, alikuwa anaingia porini mpaka apite. Hata leo, mtu aliyelelewa kama mimi hajinyooshi mbele ya mama mkwe, hamtazami usoni, wala hatamki upuuzi mama huyo akisikia. Mtu wa namna hiyo nitampakia vipi kwenye gari lenye matundu?

Uwanja wa ndege hauna pori. Alitokea akiwa mrefu kunizidi, mwembamba, kanga begani juu ya koti alilopelekewa na binti yake. Nikainama, shikamoo mama, marahaba mkwe wangu, safari salama. Nilipokuwa nasukuma masanduku ndani ya buti nilimwona kwa pembe ya jicho akipitisha kiganja chini ya mlango wa nyuma, kisha akanusa vidole vyake.

"Gari zuri, mkwe," akasema, akaingia.

Kesho yake alfajiri nilisimama dirishani ghorofa ya pili nikamwona ameinama kwenye maegesho na kijiko cha chuma mkononi. Alikuwa analizunguka gari langu na kuligonga ubavuni na chini yake, hatua kwa hatua, sikio limeinama. Akifika mahali anarudia kugonga mara tatu nne. Niliachia pazia. Nilikuwa nimeambiwa kwamba alikuwa akimsaidia marehemu mumewe gereji, nami nikaelewa kuwa alichemsha chai na kukata risiti. Nikajiambia pengine anaondoa mikosi.

Binti yetu alizaliwa siku ya tisa tangu mama afike. Kiti chake cha gari nilikuwa nimekifunga mwezi mzima kabla, kwa mkanda wa nyuma, baada ya kusoma maelekezo mara mbili. Lakini siku ya kutoka hospitali mama akatangaza jambo ambalo sikuwahi kulisikia: kwao mtoto wa kwanza haletwi nyumbani na baba yake, hupokelewa na mtu baki, ili husuda ipotee njia. Alikuwa ameshapanga. Rafiki yetu mmoja Mkenya, nesi, anayekaa Lakeville, atakuja na gari lake pamoja na mkewe, naye nesi, na watambeba mtoto kwenye kiti chao wenyewe.

Nilinung'unika kwa mke wangu, watu wa pwani na mambo yenu. Alikuwa amechoka lakini hakuacha kunitania. Alinikumbusha kuwa Mnyamwezi ni mpagazi, na mpagazi haulizi kilichomo kwenye mzigo. Basi nikawafuata nyuma peke yangu, gari tupu, shada la maua nimelifunga mkanda kwenye kiti cha mwanangu. Sijawahi kujiona mjinga kama siku ile.

Tulipofika nyumbani mama akatangaza la pili. Mama na mtoto hawatoki mpaka arobaini iishe, na daktari akiwahitaji, yule mke wa rafiki yetu atawapeleka na kuwarudisha. Hilo angalau nilikuwa nalijua. Sikubisha.

Wiki ya kwanza haijaisha, siku moja nilikuwa jikoni nakoroga uji wa mzazi. Mama alikuwa sebuleni, amenyoosha miguu, mjukuu kamlaza juu ya mapaja anamkanda kwa mafuta ya nazi. Mke wangu alikuwa amelala. Mama akaanza kuzungumza na mtoto, sauti ya kawaida tu, ya kufika jikoni.

"Mjukuu wangu, mwambie baba yako gari lake linaoza ubavuni na chini ya kiti cha nyuma. Mkanda wa kiti chako umefungwa kwenye bati bovu. Mwambie bibi yako Kizungu hasomi, lakini bati analisoma."

Uji ukaungua. Hapo nikaelewa habari ya husuda na mtu baki, na kwa nini maua ndiyo yaliyopanda gari langu. Mchana nikashuka, nikang'oa kiti cha nyuma, nikachukua bisibisi na kuchokoa pale boliti ya mkanda ilipoingia sakafuni. Bisibisi ilizama bila nguvu yoyote, na nilipoivuta niliona lami ya maegesho kupitia tundu. Nilikuwa nimekaza mkanda ule mwenyewe, kwa goti, mpaka kiti kisitikisike. Niliona haya, lakini kabla ya haya niliogopa, mpaka nikakaa chini kwenye lami.

Jioni nilimjibu kwa njia ileile. Nilimwinamia mtoto nikamwambia amwambie bibi yake kwamba baba amesikia, na anaomba msaada. Mama akamfuta mtoto mdomo, akasema kwa mtoto kwamba Jumamosi ni siku nzuri.

Wenye nyumba Hopkins hawakuruhusu kutengeneza gari kwenye maegesho, ila yule Mkenya alikuwa na gereji kwake Lakeville, na ndani ya gereji alikuwa na mashine ya kuchomelea. Nilipompigia alicheka. "Hiyo welder nili-buy garage sale, bro, lakini sijawahi hata kui-plug. Leta Mum."

Mke wangu aliambiwa na mama yake kwamba mkwe anaandaa gari kabla ya baridi, na yeye atakwenda kumshikia taa. Mke wa rafiki yetu akaja kukaa na mzazi. Mama alipanda gari la Mkenya, mimi nikaliendesha langu peke yangu, polepole, kwa njia za ndani.

Ningependa kueleza vizuri jinsi yule mama alivyofanya kazi, maana sijaona tena kitu kama kile. Alivaa suruali ya kazi ya Mkenya chini ya dera, akakaza kanga kiunoni na nyingine kichwani. Hakugusa chombo chochote kwanza. Alilizunguka gari na kijiko chake, anagonga na chaki mkononi. Penye mlio mkavu alipita, penye mlio mzito alichora duara. Alipomaliza, ubavu wa kulia ulikuwa umejaa maduara, na kushoto mawili tu. Kutazama mtu anayejua kazi yake ni raha, hata kama kazi yenyewe ni aibu yako.

Mimi nilisimama mlangoni, nje ya gereji, kama nilivyofundishwa. Mama hakunisemesha moja kwa moja. Alimwambia Mkenya amwambie mkwe alete msasa, Mkenya akanigeukia akasema, "Mum anasema u-bring sandpaper," nami nikasikia mara mbili, nikampa Mkenya, naye akampa mama aliyekuwa hatua mbili kutoka kwangu. Tulikwenda hivyo saa nzima. Mkenya alisema hospitali kwake hata wagonjwa wa akili hawapitishiani vitu namna hiyo.

Kisha mama akajilaza chini ya gari na kuomba msumari. Chini ya milango ya gari kuna ubavu ambao ndani ni mtupu, na chini ya ubavu huo mtengenezaji ameacha vitundu ili maji yanayoingia yatoke. Mimi nilipopaka rangi yangu nzito niliviona vitundu vile nikaviziba kimoja kimoja, kwa bidii, nikidhani nalikinga gari na maji. Mama akatafuta kitundu cha kwanza kwa kidole na kupitisha msumari. Maji yakamwagika, ya kahawia, rangi ya chai iliyolala, na hayakukoma haraka. Mkenya akakimbilia ndoo.

"Gari nalo hukojoa," mama akamwambia Mkenya kutoka chini kule. "Aliyeziba hapa alikuwa analiua."

Mkenya akauliza ni nani angefanya ujinga huo. Nilikuwa nimeshika taa. Nilifungua mdomo, lakini mama akanitangulia. Akasema atakuwa ni yule mwenye gari wa kwanza, watu wengi hawajui. Rangi yenyewe ilikuwa bado inanuka upya wa dukani. Taa nikaendelea kuishika.

Jumamosi ile tulikwangua tu. Rangi yangu yote ilitoka, vipande vizima vizima, na chini yake kutu ilikuwa mbichi, imenona. Alipitisha brashi ya waya, akapitisha msasa, na akamfanya Mkenya aoshe chini ya gari kwa mpira wa maji mara tatu, kwa sababu chumvi, alisema, haiogopi brashi, inaogopa maji. Tanga chumvi inakuja na upepo, gari la mtu wa karibu na bahari linaoza hata likiwa limelala. Alishangaa kusikia kwamba huku chumvi inanunuliwa na kumwagwa makusudi. Alicheka peke yake chini ya gari. Kisha gari likaachwa likauke wiki nzima, milango wazi, feni inapuliza ndani, nami nikaenda kazini Eagan kwa kudandia lifti ya mwenzangu wa ofisini.

Jumamosi ya pili alikata. Alikata bovu lote, na aliendelea kukata hata pale mimi nilipoona pazima, mpaka bati likang'aa jeupe pande zote. Tundu la chini ya kiti likawa kubwa kiasi cha kupitisha sahani. Akapima tundu kwa boksi la nepi, akakata boksi kwa mkasi mpaka likakaa sawasawa, ndipo akahamishia umbo lile kwenye bati jipya na kulikunja kingo kwa nyundo ndogo juu ya reli ya chuma. Kabla ya kukata alikuwa ametulazimisha tushushe tangi la mafuta na kulipeleka uani, mbali, tufungue waya wa betri, na tuweke matambara mabichi na ndoo mbili za maji kando. Mkenya alisema amepata mafunzo ya moto kazini. Mama akamwambia vizuri, basi akae karibu na ndoo.

Likabaki jambo moja. Kiraka kilitakiwa kushikwa kutoka chini wakati yeye anachomelea, na Mkenya ni mtu wa kitambi, hakuenea. Ilibidi niingie mimi, nilale chali, ubavu kwa ubavu na mama mkwe wangu, viatu vyetu vinachungulia nje pamoja. Nilisimama pale nimeshika koleo. Nilimwona bibi yangu wa Tabora akifunika uso. Mama akainua kinyago cha kuchomelea, na kwa mara ya kwanza toka uwanja wa ndege akanitazama machoni.

"Chuma hakina mkwe," akasema. "Lala hapa, ushike."

Nikalala. Alichomelea vitone vidogo vidogo, kimoja huku, kingine kule, anangoja bati lipoe kabla ya kurudi, ili lisijikunje. Alikuwa akinieleza kwa sauti ya chini, bila mtu wa kati. Mwaka wa kwanza wa ndoa mumewe aliugua macho miezi miwili kwa mwanga wa mashine, na magari ya watu yalikuwa uani. Akavaa kinyago yeye. Mumewe alipopona, wateja waliuliza viraka vile nani kaviweka, na tangu hapo wakawa wanachomelea wawili, ila mteja akija, yeye anavua glavu na kushika birika. Nilikuwa nimelala chini ya mikono iliyolisha nyumba miaka thelathini, na mimi niliihesabia chai.

Alipomaliza aliomba nyundo na kugonga kiraka kwa nguvu zake zote. Kilitoa mlio mkavu. Akanipa nyundo nigonge na mimi.

Jumamosi ya tatu ilikuwa ya kinga. Rangi ya msingi kwanza, kisha gundi ya maungio, kisha rangi, kila moja ikipewa muda wa kukauka. Mwisho mama akataka oili chafu na dizeli, achanganye apulizie ndani ya ubavu, kama wanavyofanya mafundi wote nyumbani. Mkenya akamwomba radhi. Huku ikidondoka barabarani jirani ataita watu, na itaingia kwenye mifereji mpaka ziwani. Mama hakubishana. Aliuliza wakulima wa huku wanapaka nini vyuma vyao. Mkenya akaenda dukani akarudi na kopo la mafuta yanayotokana na sufu ya kondoo. Mama akayanusa, akasema yananuka zizi, kwa hiyo yatafaa. Akalitumbukiza kopo kwenye sufuria ya maji moto mpaka yakalainika, akatumia mpira mwembamba kuyapuliza ndani kupitia vitundu vilevile nilivyoviziba, mpaka yakadondoka upande wa pili. Tuliweka maboksi chini, yakadondoka siku mbili.

Akaniachia masharti, nayo aliniambia mwenyewe, uso kwa uso. Kila baridi ikilegea, hata katikati ya Januari, nioshe chini kabla ya juu. Vitundu nivipitishie msumari. Mafuta nirudie kila majani yanapoanguka. Na rangi, akasema, ni ya mwisho kila siku.

Arobaini iliisha katikati ya Novemba, siku mbili kabla ya theluji ya kwanza. Nilifunga kiti cha mtoto kwenye boliti mpya. Mama alikaa nyuma kando ya mjukuu, kijiko akiwa amekiacha jikoni, tukazunguka ziwa na kurudi. Hakusema chochote njia nzima. Nilijua ndiyo sifa yake, na nilifurahi kuliko siku niliyovaa joho.

Alirudi Tanga mwezi wa tatu, barabara bado nyeupe kwa chumvi. Tulimsindikiza, mke wangu akalia, mimi nikainama, shikamoo mama, safari njema. Kwenye kurudi nilikata kona kuingia kwenye mashine ya kuoshea magari, maana jua lilikuwa limetoka na nilikuwa na masharti yangu. Tulipokuwa kwenye foleni mke wangu akasema kuna jambo linamsumbua. Dada yake alipojifungua, mama alimbeba mjukuu sokoni siku ya kumi. Arobaini alikuwa anaicheka, anasema ni mambo ya watu wasio na kazi. Na hilo la mtoto kupokelewa na mtu baki, hajalisikia Tanga nzima. Kwa nini huku aliyakazania vile?

Mlango ukafunguka, tukaingia, ukafungwa nyuma yetu. Mimi nilidhani kwamba la husuda tu ndilo lililotungwa. Kumbe hata arobaini. Alinipa siku arobaini za kutengeneza gari bila binti yake kujua, na hakuzitaja hata siku tuliyolala wawili chini ya lile bati. Angeweza kusema neno moja tu kwa mwanawe, nami nisingeinua uso katika nyumba ile tena.

Maji yakaanza kupiga sakafu chini ya miguu yetu. Nikamweleza mke wangu yote, kuanzia kopo la rangi nyeusi na ule utepe, mpaka bisibisi ilivyozama. Hakunikatiza. Maji yalipohamia juu akauliza, bila kunitazama, kama mama asingesema kitu siku ile ya hospitali, ningemweka mtoto kwenye gari?

"Ndiyo," nikasema. "Ningemweka."

Aligeuka nyuma. Binti yetu alikuwa amelala, mdomo wazi. Mke wangu akaushika mkanda wa kile kiti karibu na boliti, akauvuta kwa nguvu zote, akauvuta tena. Haukulegea. Akakaa sawa, akafuta macho, akaniambia mama akifika Tanga nimpigie simu mimi, nimshukuru kwa mdomo wangu mwenyewe, si kupitia kwa mtoto.